Jiko la chuma: la enameli au jeusi? Jua utalisafisha vipi kabla hujalinunua

Mama yangu alipika miaka mingi kwenye jiko jeusi la kuni aina ya Dover katika nyumba ya shamba kule Njoro. Mimi nimepika na kusafisha jiko la AGA, lililovishwa enameli (utando wa kioo) ya rangi ya maziwa, kwa miaka kumi na mmoja sasa, katika nyumba ya kijijini Shropshire, Uingereza. Yote mawili ni ya chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu. Yote ni mazito, yanahifadhi joto, na yakitunzwa huishi kuliko mwenye nyumba. Lakini kuyasafisha ni kazi mbili zisizofanana hata kidogo, na mtu anayenunua bila kuijua tofauti hiyo huanza kujuta kabla mwaka haujaisha.

Watu wananiuliza sana siku hizi. Kule Kenya nyumba za zamani za Limuru, Molo na Nanyuki huuzwa jiko la Dover likiwa bado limesimama jikoni, na mnunuzi hajui alitupe au aliwashe. Huku Uingereza, tangu gharama za nishati zilipopanda mwaka 2022, kuna familia zilizozima majiko yao au kuyaondoa kabisa, na wenzetu wanaohamia mashambani wanaletewa ofa ya jiko la mkono wa pili ambalo kazi kubwa ni kulibeba tu. AGA la oveni mbili lina uzito wa kilo 400 hivi, kwa hiyo ukilikosea hulirudishi kesho.

Mimi nikiulizwa lipi bora, huuliza kwanza: utakuwepo nyumbani? Enameli inavumilia kuachwa peke yake, ila haisamehe mkono wenye pupa. Chuma cheusi kinasamehe karibu kila kosa la mpishi, ila ukikiacha miezi miwili kwenye unyevu utakikuta chekundu kwa kutu. Mengine yote nitakayoeleza yanatoka hapo.

Unachokisugua ni nini

Jiko jeusi ni chuma chenyewe. Ukiweka kiganja unagusa chuma, au chuma chenye utando mwembamba wa grafiti uliopakwa na mtu aliyekutangulia.

Jiko la enameli ni chuma kilichovishwa kioo. Unga wa kioo hupakwa juu ya chuma, kisha kipande kizima huingizwa tanuruni kwenye nyuzijoto 800 hivi mpaka ule unga uyeyuke na kushikamana nacho. Ni ndugu wa zile sahani na mabirika meupe yenye ukingo wa bluu tuliyokulia nayo. Aliyewahi kuangusha sahani ya namna ile anakumbuka kilichotokea: haikuvunjika, lakini kipande cha ukingo kilibanduka, pakabaki doa jeusi, na kutu ikaanzia pale pale. Jiko la enameli nalo liko hivyo hivyo, ukubwa tu ndio umezidi.

AGA lilibuniwa na Gustaf Dalén wa Sweden, mhandisi aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1912, mwaka ule ule mlipuko wa gesi ulipompofusha. Jiko lake lilipata hataza mwaka 1922, na liliingia Uingereza mwaka 1929. Miaka mingi vyuma vyake vilisubiwa Coalbrookdale, hapa hapa Shropshire, bonde ambalo Abraham Darby alifaulu mwaka 1709 kuyeyusha madini ya chuma kwa makaa ya mawe yaliyookwa badala ya makaa ya miti. Kiwanda kile kilifungwa mwaka 2017. Nalitaja hili kwa sababu lina faida kwa msafishaji: Dalén alitaka jiko lisilomfunga mke wake kulichungulia siku nzima, na ndiyo maana AGA la asili haliwashwi na kuzimwa. Linawaka saa zote, oveni yake ya moto mkali inakaa kwenye nyuzijoto 240 hivi, na joto hilo lenyewe ndilo linalofanya nusu ya kazi ya usafi.

Chai ikifurika

Hakuna mfano mzuri wa kuyalinganisha kuliko chai ya maziwa iliyofurika, maana katika nyumba zetu hilo hutokea kila wiki.

Kwenye jiko la mama, chai ilimwagika, ikachemka juu ya bamba la chuma, ikanuka, ikaungua. Mama aliisogeza sufuria pembeni akaendelea na kazi yake. Kesho yake asubuhi, kabla hajawasha, alipitisha brashi ya waya mara tano au sita, akafuta kwa tambara lenye tone la mafuta ya kupikia, na hakuna aliyejua kuwa kulikuwa na chai. Kosa pekee ambalo angeweza kufanya ni kumwaga maji baridi juu ya lile bamba likiwa la moto. Chuma cha kusubu kina kaboni nyingi, zaidi ya asilimia 2, na hiyo ndiyo inayokifanya kiwe kigumu na kupasuka kama chungu badala ya kupinda kama bati. Sauti ya bamba linalopasuka kwa maji baridi nimeisikia mara moja utotoni na sijaisahau. Mama aliniambia siku ile, "Mwanangu, hili haliogopi moto, linaogopa maji."

Kwenye AGA, chai ile ile ni dharura. Maziwa yana asidi, na asidi ikikaa juu ya enameli yenye joto hula ule mng'ao wa kioo. Doa linalobaki si uchafu tena, ni jeraha. Hata usugue vipi halitoki. Juisi ya matunda, nyanya, siki na limau ni hivyo hivyo, na nyanya ndizo mbaya zaidi kwa sababu mchuzi wake huruka bila kuonekana. Kwa hiyo nimejifunza kupika nikiwa na kitambaa kilichokamuliwa begani. Kikimwagika kitu, nafuta hapo hapo, hata kama vitunguu vinaungua. Kitambaa kiwe na unyevu tu, kisidondoshe maji, kwa sababu kioo kilicho juu ya chuma cha moto kinaweza kupata nyufa ndogondogo kama za kikombe cha zamani.

Jambo ambalo wengi hawalijui: AGA lenyewe lina sehemu zisizo na enameli. Zile sahani mbili za moto zilizo chini ya vifuniko vya mviringo ni chuma tupu, na hizo husafishwa kama jiko la mama, kwa brashi ya waya. Chapati nazichoma moja kwa moja juu ya ile sahani yenye moto mdogo, bila kikaango, naipaka mafuta kidogo tu, na zinatoka kama za nyumbani. Baada yake brashi, basi. Oveni ya moto mkali nayo haioshwi. Mafuta yaliyorukia kuta zake hugeuka mkaa kwa lile joto la saa zote, na unachofanya ni kufagia unga mweusi kwa brashi ya mpini mrefu. Oveni ya chini, ile ya polepole, haijisafishi hivyo kwa sababu joto lake ni dogo. Hiyo inahitaji sabuni na mikono.

Kwa hiyo usiseme "jiko hili ni la enameli" ukafikiri umemaliza. Tazama unasugua sehemu gani. Hivi ndivyo ninavyogawa:

| Kitu | Juu ya enameli | Juu ya chuma tupu |
|---|---|---|
| Maji ya sabuni | Ndiyo, kitambaa kilichokamuliwa vizuri | Kidogo sana, na likaushwe hapo hapo |
| Bikaboneti ya soda iliyokorogwa nzito | Ndiyo, kwa kitambaa laini, kwenye madoa yaliyoganda | Haina haja |
| Siki au limau | Kamwe | Kwa kutu tu, kisha futa na ukaushe |
| Waya wa kusugulia sufuria | Kamwe | Ndiyo |
| Majivu yaliyochekechwa | Hapana, yanakwaruza | Ndiyo, kwa mafuta yaliyoganda |
| Mafuta ya kupikia | Hapana, huganda kama gundi | Tone moja, sehemu ya kupikia |
| Dawa nyeusi ya grafiti | Hapana | Kuta na milango, si pa kuwekea chakula |

Neno moja kuhusu majivu, kwa sababu najua tulivyolelewa. Sufuria zetu zilisuguliwa kwa majivu na mchanga zikang'aa kama kioo, na majivu kweli yanakata mafuta. Lakini aliyezoea hivyo akiingia kwenye nyumba yenye AGA atalitia mikwaruzo elfu kwa siku moja, na mikwaruzo hiyo itashika uchafu milele. Vifuniko vile vinavyong'aa juu ya sahani za moto ni laini zaidi hata ya enameli. Usiburute sinia juu yake. Mimi natandika taulo nene, na kila mgeni anayeingia jikoni namwambia.

Siku ya usafi mkubwa

Kwa jiko jeusi siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Moto uliachwa ufe Ijumaa usiku, na alfajiri chuma kilikuwa baridi. Kwanza majivu, yote, mpaka kwenye pembe. Majivu si mazuri kuyaacha ndani: yanavuta unyevu, na majivu yenye unyevu yanakula chuma. Tena trei ikijaa mpaka majivu yakagusa wavu wa makaa kwa chini, hewa baridi haipiti, na wavu hupinda au kuungua. Nyavu nyingi zinazonunuliwa upya ziliuawa na uvivu wa kumwaga majivu, si na uzee.

Kisha masizi. Hapa ndipo watu wengi waliorithi jiko la Dover wanaposhindwa, halafu wanasema jiko ni bovu. Moshi hautoki moja kwa moja kwenda dohani. Unapita juu ya oveni, unashuka ubavuni, unazunguka chini yake, ndipo unapanda. Kila mahali unapopita unaacha masizi, na masizi huzuia joto kama blanketi. Yakijaa juu ya oveni, mkate unabaki mweupe juu huku chini umeungua. Yakijaa chini, inakuwa kinyume. Mama alikuwa akiutazama mkate tu na kujua afagie wapi. Kuna kilango kidogo chini ya oveni kwa kazi hiyo. Kama mwenye nyumba wa mwisho hakukijua, utakuta humo masizi ya miaka. Funika sakafu kwa magazeti, funga pua kwa kitambaa, fagia taratibu.

Baada ya hapo ndipo urembo. Dawa nyeusi ya grafiti inapakwa kidogo sana kwa tambara, jiko likiwa baridi, inaachwa ikauke kidogo, halafu inasuguliwa kwa brashi ya viatu mpaka chuma king'ae kama ngozi ya kiatu kipya. Moto wa kwanza baada ya kupaka hutoa harufu, kwa hiyo fungua madirisha. Ubaya wake ni kwamba inapaka weusi nguo, mikono na watoto, na pale penye moto mkali hufifia ikawa kijivu baada ya wiki chache. Ni kazi ya saa moja au mbili, mara moja kwa mwezi kwa jiko linalowashwa kila siku. Mimi naipenda kazi hiyo kwa moyo wangu wote. Ukimaliza, jiko la miaka themanini linaonekana limetoka kiwandani jana, na hakuna enameli inayoweza kukupa furaha hiyo.

Kuna mafundi wanaopaka oili chafu ya gari badala ya grafiti, eti inazuia kutu. Wakataze. Moshi wake ni sumu, na inaingia kwenye chakula.

Kwa AGA siku ya usafi mkubwa huwa mara mbili kwa mwaka, na mimi naipanga na siku ya fundi. Jiko la mafuta lenye kichomeo kinachogeuza mafuta kuwa mvuke linataka kuhudumiwa kila miezi 6, kwa sababu kaboni hujijenga ndani ya kichomeo na tambi zake huchoka. La gesi huhudumiwa kila mwaka. Mafuta yenyewe, kwa taarifa, ni yale yale ya taa tunayoyajua. Jiko linazimwa usiku wa kuamkia siku hiyo, na mimi ndio wakati wangu wa kuingia kila pembe nisiyoweza kuigusa likiwa la moto. Milango ya oveni huinuliwa ikatoka kwenye bawaba zake. Ilaze juu ya taulo, upande wa enameli chini, usugue ndani kwa waya wenye sabuni. Lakini usiizamishe kwenye beseni. Ndani ya mlango mmejazwa kitu cha kuhifadhi joto, na maji yakiingia humo hayatoki.

Hesabu ya muda, basi, kwa uzoefu wangu: enameli inakutaka dakika tano kila siku, bila kukosa siku hata moja, na nusu siku mara mbili kwa mwaka. Chuma cheusi kinakutaka dakika kumi za majivu kila asubuhi na asubuhi nzima ya Jumamosi moja moja. Anayesema jiko la chuma halina kazi hajawahi kuwa nalo.

Kuni zinabadilisha hesabu yote

Yapo majiko ya enameli yanayotumia kuni, na watu huyasahau. Rayburn, mdogo wake AGA, aliingia sokoni mwaka 1946 kwa ajili ya nyumba za kawaida, na mengi bado yanachoma kuni au makaa ya mawe. Ukinunua la namna hiyo unabeba mizigo yote miwili: nje unafuta kama kioo, ndani unafagia kama Dover. Kwa maoni yangu huo ndio uchaguzi mgumu kuliko yote kwa mtu mwenye kazi ya nje ya nyumba.

Kwa yeyote achomaye kuni, rangi ya jiko haijalishi kama ukavu wa kuni. Kuni mbichi huunguza maji kwanza, moshi wake ni mzito na wa baridi, na unapopanda dohani unaganda ukutani ukawa utomvu mweusi unaofanana na lami. Utomvu huo ndio unaowaka siku moja na kuchoma nyumba. Kuni ziwe na unyevu chini ya asilimia 20. Kule nyumbani muwati uliopasuliwa na kukaa chini ya paa miezi kadhaa, penye upepo, unafaa sana. Msaipresi uuchome ukiwa mkavu kabisa. Dohani ifagiliwe angalau mara mbili kwa mwaka ikiwa unachoma kuni. Dohani iliyoziba hurudisha ndani gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, kwa hiyo weka king'ora chake jikoni. Ni kidogo kama kiganja na ndicho kitu cha kwanza kununua, hata kabla ya brashi.

Anayetaka kuepuka yote haya achukue la umeme. Halina masizi, halina dohani ya kufagia, na baadhi unaweza kuyawasha unapopika tu. Usafi wake unabaki ule wa enameli peke yake. Ila umeme ukikatika huna jiko, na kwa nyumba nyingi za kwetu sentensi hiyo inatosha kufunga mjadala.

Ukisafiri

Hapa ndipo ninapowashauri watu tofauti na wanavyotarajia. Jiko jeusi lililoachwa baridi msimu wa mvua huota kutu kwa haraka inayoshangaza. Pwani ni mbaya zaidi. Mombasa au Unguja, penye chumvi hewani, mimi singeliweka hata kidogo, achilia mbali joto lake. Kabla ya kusafiri, toa majivu yote, fagia masizi kwa sababu nayo yana asidi, paka grafiti kuta, na sehemu ya kupikia ipake mafuta membamba ya kupikia ukiwa umelipasha uvuguvugu ili yashike. Acha kilango cha hewa wazi kidogo hewa ipite.

Enameli haijali safari yako. Unaweza kuizima mwaka mzima, ukirudi ukapangusa vumbi. Kinachoharibika ni zile sahani za moto za chuma tupu: vifuniko vikifungwa juu yake jiko likiwa baridi, unyevu hujikusanya ndani na kutu ikala uso uliosawazishwa kwa mashine ili sufuria ikae bapa. Paka tone la mafuta, acha vifuniko wazi kidogo. Wengi waliozima majiko yao mwaka ule wa gharama kubwa walilijua hili walipofungua tena.

Kutu ikishaingia kwenye chuma tupu, usilie. Brashi ya waya kwanza, kisha waya wa kusugulia, kisha msasa laini, na penye ukaidi siki nyeupe kwa tambara, ufute na ulikaushe papo hapo kwa moto mdogo. Ukiona chuma cha kijivu safi, paka mafuta sehemu ya kupikia, grafiti kwingine. Nimeona jiko lililokaa nje chini ya mwembe miaka kadhaa likirudi kupika. Enameli iliyobanduka hairudi hivyo. Kuna rangi ya kuziba jeraha inayostahimili joto, inazuia kutu isisambae, lakini macho yatapaona daima. Kuipaka upya sawasawa ni kulifungua jiko lote na kupeleka kipande tanuruni.

Likipasuka

Kwa upande huu majiko yote mawili ni sawa, na onyo ni moja. Kuchomelea chuma cha kusubu si sawa na kuchomelea geti. Fundi wa mtaani akikigonga kwa fimbo za kawaida bila kukipasha joto kwanza na kukipoza polepole, ufa utaongezeka pembeni ya kiungo, wakati mwingine kesho yake tu. Kinahitaji fimbo za nikeli na mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo. Nyufa ndogo za viungo, pale vipande viwili vinapokutana, hizo unaziba mwenyewe kwa saruji ya kustahimili moto.

Majiko ya zamani, meusi na ya enameli, yanaweza kuwa na kamba za asbesto milangoni. Uingereza ilipiga marufuku kabisa asbesto mwaka 1999, kwa hiyo jiko la kabla ya hapo lichukulie kuwa nayo mpaka ithibitike vinginevyo. Usiivute kwa mikono, usiifagie ikiwa kavu. Mwite anayejua.

Nani achukue lipi

Ukiwa na nyumba ya nyanda za juu, kuni zako mwenyewe, na mtu anayekaa nyumbani kila siku, chukua jeusi bila kusita. Watoto watalimwagia uji, wajomba wataliwekea sufuria za matumizi ya harusi, na halitaharibika. Vipuri ni chuma kilekile. Hata wavu unaweza kusubiwa upya na mwenye tanuri.

Ukiwa mtu wa safari, nyumba inakaa tupu miezi, au jiko liko sebuleni ambapo weusi wa grafiti utachafua nguo za wageni, chukua la enameli, lakini la gesi au umeme, na jikoni pawe na mpishi mmoja au wawili wenye nidhamu. Nyumba ya vijana sita wanaopika kwa zamu itaimaliza enameli mwaka mmoja, na ingawa nawapenda vijana, singewanunulia.

Rayburn la kuni lenye enameli ningempa mtu mmoja tu: yule ambaye tayari amewahi kuishi na jiko la kuni na bado analipenda.

Siku ya kwenda kulitazama, beba tochi, karatasi moja na kitambaa chenye unyevu. Futa enameli ukitazama kwa pembeni dhidi ya mwanga. Palipofifia patabaki hivyo, kwa hiyo pawe sababu ya kupunguza bei. Fungua sanduku la moto, angaza wavu na matofali ya moto uone kama yamepasuka, na angaza juu ya oveni utafute ufa kwenye bamba, kwa sababu ufa wa hapo hupitisha moshi kwenye chakula. Halafu weka karatasi mlangoni, funga, uivute. Ikiwa inatoka kirahisi, kamba ya kuziba imechoka. Hiyo ni kazi ndogo. Rudia pande zote nne za kila mlango, na usikubali kuharakishwa na muuzaji.